Kabla Plasta Haijashika

Asubuhi ile Kimya alinawa mikono kwenye bomba la karakana, na maji yakapita juu ya vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. Yalikuwa ya baridi. Hilo alilijua kwa sababu fundi wa ngozi, aliyenawa kabla yake, alikuwa bado anakung'uta mikono na kulalamika. Kimya hakusikia kitu. Alikuwa hivyo tangu alipoamka. Alikunywa chai bila kujua kama ina sukari, akamuaga mama yake, akatembea njia nzima hadi kazini, na hakuna hata kimoja kilichomgusa.

Uamuzi alikuwa ameshaufanya. Pengine ndiyo sababu.

Karakana ilikuwa nyuma ya hospitali, ukipita chumba cha kufulia, na ndani yake ilitengenezwa miguu bandia. Ilining'inia ukutani kwa safu, mingine bado mitupu kama mirija, mingine imekwisha kuvishwa ngozi na kiatu juu. Mgeni akiingia mara ya kwanza hushtuka. Mwenyeji hutundika koti lake pale pale.

Hapo ndipo Kimya alipoletwa kufanya mazoezi ya kazi alipotoka chuoni, na hapo ndipo alipopewa jina. Siku ya kwanza alikaa toka asubuhi hadi mchana amebana magoti, anaona haya kuuliza choo kiko wapi. Kijana mmoja mrefu, ambaye mifuko yake ililia skrubu kila alipotembea, alimtazama usoni, akaelewa, akapaza sauti kumwambia Fundi Mkuu kwamba mwenzao anaomba kuonyeshwa choo. Karakana nzima ilicheka. Kimya alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini aliporudi alikuta kigoda mbele ya meza yake, maana meza zile zilijengwa kwa watu warefu, na yule kijana amesimama kando, hacheki. Alimtazama mara moja tu, kama mtu anayekipima kitu kwa jicho kwa kuogopa kukivunja.

Mapenzi yao yameanzia chooni, mafundi walipenda kusema, na yaliyoanzia huko hayana pa kuangukia.

Tangu siku ile kijana huyo, Skrubu, akawa mdomo wake. Kimya akitaka ruhusa, Skrubu ndiye aliyeomba. Mgonjwa akiuliza mguu utakuwa tayari lini, Kimya aliinama juu ya kazi, na jibu likatoka upande wa Skrubu. Hata Fundi Mkuu alizoea. Alimuuliza Kimya swali huku macho yake yamekwenda kwa Skrubu moja kwa moja, na jibu alilolipata huko, mara nyingi, lilikuwa sahihi. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," fundi wa ngozi alimtania, "sasa binti, mshindo wako tutausikia lini? Mimi nakaribia kustaafu." Kimya alicheka akaficha uso begani mwa Skrubu. Ilikuwa raha ya aina yake, kuwa na mtu anayekujua hadi maneno yako yanamtoka yeye.

Kisha ikaja ile nafasi.

Chuo kikubwa cha viungo bandia, katika mji ambao basi hulala njiani kabla ya kuufikia, kilitoa nafasi moja kwa karakana yao. Miaka mitatu. Anayerudi kutoka kule haitwi tena msaidizi. Yeye ndiye anayempima mgonjwa, anayeamua mguu utakaaje, anayesikilizwa. Walifanya mtihani wote wawili, akachaguliwa Kimya. Fundi Mkuu alimpa muda afikirie, akasema Jumatatu saa sita mchana atawapigia simu wenye chuo, na wenye chuo hawangoji mtu.

Skrubu alimpongeza. Alimshika mikono yote miwili mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Lakini macho yake yaliangalia kidogo juu ya kichwa chake.

Na jana, Jumapili, alikuja shangazi yake Skrubu, ambaye ndiye aliyemlea. Wazee walikwisha kukubaliana kwamba arusi itakuwa mwisho wa mwaka, kwa hiyo hakuja kama mgeni. Alileta matunda, akasifu mapazia, akauliza habari za mgongo wa mama. Kisha akasema kilichomleta.

"Mkwe wangu, mume akitangulia, mke hungoja, na watu humsifu. Mke akitangulia, mume hungoja, na watu humcheka. Mimi sikuiumba dunia hii."

Mama yake Kimya alikuwa mfuaji wa shuka pale hospitali, na mikono yake ilikuwa imechujuka kwa sabuni. Alimwongezea mgeni chai kabla ya kumjibu. "Mimi nimefua damu za watu nisiowajua, mkwe, ili huyu asije akazifua. Nawe nisamehe, sikuiumba dunia pia."

Walipobaki wawili alimuuliza binti yake yeye mwenyewe anataka nini.

"Nataka kwenda, mama," Kimya alisema, akashangaa maneno yalivyokuwa mepesi.

"Basi kaseme. Huko nako sitakwenda kukusemea."

Ndivyo alivyopanga. Asubuhi walikuwa na mgonjwa mmoja tu. Wakimmaliza, atamwambia Skrubu kwanza, maana haikuwa haki aisikie kwa mwingine. Kisha ataingia ofisini kabla ya saa sita. Alikuwa ameyarudia maneno hayo njiani hadi yakakosa ladha, kama ubani uliotafunwa sana.

Mgonjwa alikuwa kinyozi, mtu wa makamo, mcheshi, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari. Alipanda juu ya kitanda cha kupimia akiwauliza kama wana bei nafuu kwa mtu anayenunua mguu mmoja. Skrubu alicheka. Kimya alimvisha soksi nyembamba juu ya kigutu, akachukua kalamu ya wino, akatia alama mahali palipo na mfupa: ncha ya muundi, pembeni ya goti, mwisho kabisa wa kigutu. Wino ule huhamia kwenye plasta, na ndio unaomwambia fundi mahali pa kubana na mahali pa kukwepa. Kisha akaloweka bendeji ya plasta na kuanza kuzungusha.

Kazi ile hufanywa na watu wawili. Mmoja hubana kwa mbele, vidole gumba viwili chini ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, na mwingine hushika nyuma ya goti. Kisha wote hutulia. Plasta ikianza kushika hutoa joto, na mpaka ishike sawasawa hakuna kuondoa mkono, maana mkono ukiondoka mapema au ukiteleza, kosa hubaki humo, na mgonjwa atalikanyaga kila siku ya maisha yake. Kwa muda ule wao wawili walikuwa hawana la kufanya ila kutazamana. Siku nyingine ndio uliokuwa wakati mtamu kuliko yote. Mikono yao ilikuwa karibu kugusana nyuma ya goti la mtu asiyejua kinachoendelea.

Leo Skrubu alitazama plasta.

Fundi Mkuu aliingia na kikombe chake, akasimama karibu nao, akaangalia kazi, akaridhika.

"Kimya, mwanangu," alisema kwa upole, "Skrubu alinipa jibu lako Jumamosi. Sikulaumu. Mapenzi nayo ni kazi. Saa sita nawapigia, nawaambia wamchukue wa pili." Akamgusa Skrubu bega, taratibu, asije akamtikisa. "Na wa pili tunaye hapa hapa. Anza kufunga mizigo, kijana."

Akatoka.

Kimya alisikia maneno yote. Yalipita kama maji ya bomba asubuhi. Alielewa kwamba jambo kubwa limetokea na kwamba limemtokea yeye, na alikaa akilisubiri limfikie. Jumamosi. Kumbe shangazi jana alikuja kufunika shimo ambalo lilikwisha kuchimbwa.

"Ulijua kwamba wewe ni wa pili?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Tukimaliza hapa tutaongea."

"Ulijua?"

Kinyozi aliinua macho juu darini. "Mimi sipo," alisema.

Kimya aliliangalia koo la Skrubu, koo ambalo alilijua hadi kovu dogo la wembe upande wa kushoto. "Nilijua," Skrubu alisema.

"Ulimwambiaje Fundi?"

"Nilimwambia huwezi kwenda. Wewe mwenyewe uliniambia. Siku ile kwenye ngazi, ulisema bila mimi huwezi hata kuuliza njia."

Ilikuwa kweli. Alisema hivyo, jioni moja kwenye ngazi za nyuma ya chumba cha kufulia, kichwa chake kimelala kifuani mwa Skrubu na harufu ya gundi ya ngozi imejaa kwenye shati lake.

"Nilikuwa nakuambia kwamba nakupenda," Kimya alisema. "Sikuwa nakupa jibu."

"Nilifikiri nakupunguzia mzigo. Ungekaa pale mbele yake, ungetetemeka, mwisho ungesema ndiyo kwa sababu ya mama yako. Nakujua."

"Na miaka mitatu ningekaa hapa?"

"Ningekuja kila likizo. Ningekupigia simu kila siku. Ungekuwa na mama, na kazi unayo. Ingepita tu."

"Na nikienda mimi, utaningoja?"

Alimwuliza hivyo kama mtu anayeuliza saa. Na Skrubu, ambaye siku zote alikuwa na maneno ya watu wawili, hakupata ya mmoja. Macho yake yalijaa haraka, macho yale aliyoyapenda kabla hajalijua jina lake, na kwa mara ya kwanza toka asubuhi yalimtazama. Ndani ya macho hayo Kimya aliona kwamba Skrubu anampenda. Aliona pia kwamba hajui kama atamngoja.

Kimya alisubiri uchungu uje. Alikuwa tayari, hata aliutaka, maana mtu anayelia anajua mahali panapouma. Haukuja. Plasta ilikuwa imepata joto chini ya viganja vyake, alijua lazima imepata, na hilo pia hakulisikia.

Kinyozi alijikohoza. "Wadogo zangu, mimi ni kinyozi. Nimezoea mambo ya watu yapite juu ya kichwa. Leo yamepita juu ya goti, sawa tu. Lakini dada, hapo unaniumiza."

Kimya alitazama mkono wake wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake na kuzama pembeni, juu ya mfupa, kimebana hadi kucha imekuwa nyeupe. Hakujua tangu lini. Alikiondoa, lakini plasta ilikwisha kushika. Waliivua pamoja bila kusema neno, akaigeuzia kwenye mwanga wa dirisha akachungulia ndani. Pale palipohamia alama ya wino, mahali pa kukwepwa, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kidole gumba chake. Mguu ambao ungetengenezwa kwa plasta ile ungemtoboa kinyozi wa watu kabla hajamaliza kumnyoa mteja wa kwanza.

Katika karakana ile plasta ikiharibika, aliyeiharibu huipeleka ofisini kwa mkono wake na kusema imekuwaje. Hiyo ndiyo sheria pekee ambayo Fundi Mkuu hakuwahi kuilegeza. Mara mbili Kimya alikosea, siku za mwanzo, na mara zote mbili plasta ilikwenda mkononi mwa Skrubu.

Skrubu aliitazama, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa sita. Akanyoosha mkono. "Lete," alisema kwa sauti ya chini. "Nitamwambia ni mkono wangu."

Alikuwa anasema kwa mapenzi. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Yote aliyofanya aliyafanya kwa mkono huo huo ulionyooshwa, kuanzia choo mpaka Jumamosi.

"Usimwambie kitu," Kimya alisema.

Akamgeukia mgonjwa. Akamwambia kwamba amekosea, kosa ni lake, na atairudia yote, ila amvumilie kidogo afike ofisini kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mgonjwa sentensi ndefu kiasi hicho.

"Nenda, dada," kinyozi alisema. "Mguu wangu hauna pa kwenda."

Kati ya chumba cha plasta na ofisi kuna mashine ya kusagia. Ilikuwa inafanya kazi, fundi wa ngozi ameiegemea, vumbi limemjaa nyusi. Kimya alipita akiwa ameikumbatia plasta kifuani. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kuvaa miwani na simu imo mkononi. Alipomwona aliinua kichwa, na macho yake yakaenda moja kwa moja nyuma ya bega lake, kumtafuta mwingine.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Nimekuja mwenyewe." Aliweka plasta mezani. "Hii nimeiharibu. Kidole kiliteleza juu ya mfupa. Nairudia."

Fundi Mkuu alichungulia ndani, akatikisa kichwa, akasema ni sawa, arudie. Akarudi kwenye simu yake. Kimya hakuondoka. Alisema jambo, na mashine ikalimeza.

"Nini? Paza sauti."

Akalisema tena. Mashine ikalimeza tena. Fundi Mkuu akaweka kiganja nyuma ya sikio, na Kimya akajaza kifua pumzi.

"Nakwenda mimi."

Ndipo mashine ilipozimwa. Maneno mawili yalitoka mlangoni, yakazunguka miguu yote iliyoning'inia ukutani, yakarudi. Hakuna aliyecheka. Fundi wa ngozi akasema huko nje, kwa sauti ya mtu anayesoma habari, "Huo sasa mshindo."

Kimya alikuwa bado amesimama. Hakutetemeka. Alifikiri kwamba ganzi nayo ina faida zake. "Jibu la Jumamosi halikuwa langu, Fundi. Nafasi ile naitaka."

Fundi Mkuu alivua miwani. Alimtazama muda mrefu, yeye mwenyewe, kana kwamba ni msaidizi mpya aliyeletwa leo. "Nimezoea vibaya," alisema hatimaye. "Na mimi nimo kwenye kosa hili." Akabonyeza namba, akasubiri iite, kisha badala ya kuiweka sikioni akamnyooshea yeye. "Basi waambie."

Simu ilikuwa nzito kuliko alivyotazamia. Upande wa pili sauti ya mwanamke ilitaja jina la chuo, ikauliza nani anazungumza.

"Ni mimi mwenyewe," alisema. "Mliyenichagua."

Yule mwanamke alikuwa na haraka. Alisema vizuri, masomo yanaanza mwezi ujao, aje na viatu vya kazi vilivyofunikwa, wengi huja na kandambili wakarudishwa mlangoni. Akauliza kama ana swali. Kimya akafikiri.

"Nikifika mjini, njia ya kuja huko ni ipi?"

Akaelekezwa. Akashukuru. Akarudisha simu.

Aliporudi chumba cha plasta alitazamia atakuta kitu fulani, furaha labda, au majuto, kinamngoja mlangoni kama mtu aliyechelewa. Alikuta ndoo ya maji safi, bendeji mpya zimepangwa, soksi mpya juu ya kigutu, na kalamu ya wino imewekwa upande wa mkono wake wa kulia. Kinyozi alikuwa amefumba macho kwa adabu. Skrubu alikuwa amesimama kwenye dirisha. Karakana nzima ilisikia, na yeye alikuwa ndani ya karakana.

Hakumwambia hongera, wala hakumwomba radhi. Nyusi zake zilikuwa zimelowa mahali alipojinawisha uso.

Kimya alitia alama upya, polepole, mfupa baada ya mfupa. Akaloweka, akazungusha. Ulipofika wakati wa kushika nyuma ya goti alisimama akasubiri, kisha akagundua kwamba Skrubu anangoja kuambiwa.

"Njoo ushike," alisema.

Alikuja, akapiga magoti, akapitisha mikono yake. Mifuko yake ililia. Vidole vyao vilikaribiana pale nyuma, havikugusana. Kimya aliweka vidole gumba mahali pake na safari hii hakuviondolea macho. Upande wa pili mashine ilianza tena, na nje, chumba cha kufulia, mtu alikuwa anapiga shuka kwa nguvu. Pengine alikuwa mama.

Baada ya muda joto likaanza. Lilianzia ndani kabisa ya plasta, likaja juu taratibu, na safari hii lilimfikia, kwenye ncha za vidole tu, kidogo mno hata hakuwa na uhakika.

Aliinua macho. Skrubu alikuwa anamtazama. Hakukwepa, wala yeye hakukwepa, na mambo yote ambayo hawakuyasema yalikaa kati yao juu ya goti la kinyozi: mwisho wa mwaka, shangazi, likizo, lile swali lisilojibiwa.

"Imeshika?" kinyozi aliuliza bila kufumbua macho.

Skrubu alifungua mdomo ajibu. Akamtazama Kimya. Akaufumba.

"Bado," Kimya alisema. "Tusubiri."